Nani Amfundishaye Mtoto Kusema?

Katika neema alizomkirimu Mwenyezi Mungu mwanadamu, neema ya kusema ni katika zilizo kubwa kabisa, na ni katika zile tuzishukuruzo kidogo kabisa. Katika Sura ya Arrahman, baada ya kutajwa kuumbwa kwa mwanadamu, hufuata papo hapo kutajwa ya kuwa amefundishwa kubainisha. Na katika Sura ya Annahl twakumbushwa ya kuwa tulitoka matumboni mwa mama zetu hali hatujui kitu, tukapewa masikio, macho na nyoyo. Basi yafaa tujiulize: huyu atokaye hali hajui kitu, hupataje, kabla hajatimiza miaka mitano, kuwa msemaji wa kusimulia, kuuliza na hata kubishana na wakubwa? Ni nani aliyemsomesha?

Wengi hudhani ya kuwa lugha ni kitu cha damu, mtu huirithi kama arithivyo urefu wa baba yake. Sivyo. Mchukue mtoto mchanga wa Lamu alelewe Muscat na watu wa huko, atasema Kiarabu cha Muscat. Na mchanga wa Muscat akilelewa Lamu atasema Kiamu, kwa lafudhi ambayo babu zake hawakuijua. Alichozaliwa nacho mtoto ni uwezo wa kujifunza. Lugha yenyewe huipokea vinywani mwa watu.

Mwanachuoni Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Misri mwaka 1406, aliyaeleza haya katika Muqaddima yake. Kwake yeye lugha ni mazoea yakaayo katika nafsi kama ufundi ukaavyo mkononi mwa fundi: mtoto huwasikia watu wake wakitumia maneno, kisha husikia namna wayapangavyo, na kila siku husikia na kutumia, hata ikawa ndiyo tabia yake. Akabainisha tena ya kuwa kuzijua kanuni za nahau siko kuijua lugha. Kwani mtu aweza kuieleza vyema kazi ya kushona, na akipewa sindano asijue pa kuanzia.

Na ikiwa lugha hupokewa kwa watu, itakuwaje kwa mtoto asiyesemeshwa na mtu? Sultani Akbar wa Bara Hindi alitaka kulijua hilo. Aliamuru watoto wachanga watengwe katika nyumba, wakalelewa na watu waliokatazwa kutamka neno mbele yao. Walilishwa, wakavishwa na kulindwa. Sultani alipokwenda kuwatazama mwaka 1582 hakusikia kwao neno lo lote. Walikuwa mabubu, na nyumba ile watu wakaiita nyumba ya mabubu. Hapana shaka ilikuwa ni dhuluma kubwa kuwafanyia viumbe wasio na hatia. Watoto wale hawakupungukiwa na chakula wala masikio. Walipungukiwa na watu wa kusema nao.

Na sasa tutazame kinyume chake. Katika nchi ya Nicaragua, kuanzia mwaka 1977, watoto viziwi waliokuwa wametawanyika majumbani kwao walianza kukusanywa katika shule mjini Managua. Walimu walijitahidi kuwafundisha Kihispania kwa kutazama midomo, wasifanikiwe sana. Lakini katika uwanja wa michezo na ndani ya mabasi, kila mtoto alikuja na ishara chache alizozizoea nyumbani kwake, wakapeana na kuzichanganya. Wakaja wadogo, wakazipokea ishara zile na kuzipanga vizuri zaidi kuliko wakubwa wao, hata ikapatikana lugha kamili ya mikono, ambayo wataalamu wa lugha walikwenda kuichunguza. Tazama ajabu hii: wenye masikio mazima walikosa lugha kwa kukosa wa kusema nao, na viziwi waliipata kwa kupatana!

Labda msomaji atasema: hayo ni ya mbali, watoto wetu sisi hawafungiwi na sultani. Ni kweli, lakini yatupasa tuangalie tusije tukawajengea nyumba ya mabubu ndani ya sebule zetu. Siku hizi mtoto akilia hupewa simu yenye picha, akanyamaza. Mama akaenda na kazi zake na baba na simu yake. Nasi hujituliza kwa kusema, "Anajifunza maneno humo." Je, ni kweli?

Jambo hili lilipimwa katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2003. Watoto wa miezi tisa, ambao majumbani mwao husemwa Kiingereza tu, waliletewa watu wa kucheza nao na kuwasomea vitabu kwa Kichina, mara 12 tu. Watoto wale wakaweza kupambanua sauti za Kichina. Kundi jengine lilisikia maneno hayo hayo, ya watu wale wale, kwa televisheni au kwa sauti zilizorekodiwa. Hao hawakufaidika kitu. Sauti ilikuwa moja. Kilichokosekana ni mtu amtazamaye mtoto, akimngoja, akimjibu.

Tena jambo hili lina wakati wake. Uchunguzi uliotangazwa huko Kanada mwaka 1984 ulionyesha ya kuwa watoto wa miezi sita hadi minane waliozaliwa katika nyumba za Kiingereza waliweza kupambanua sauti za Kihindi wasizopata kuzisikia. Walipokaribia mwaka mmoja, wengi wao hawakuweza tena. Sikio lilikwisha kuchagua sauti za nyumbani. Sisi tunaosomesha madrasa twaliona hili kila mwaka. Mtoto aliyelelewa akisikia "dhahabu" na "thamani" huitamka dhali na tha bila taabu. Na aliyelelewa akisikia "zahabu" na "samani" hutaabika nazo siku nyingi. Hapana haja ya kumcheka wala kumchapa. Si mjinga, wala ulimi wake si mzito. Ameleta chuoni alichopewa nyumbani, naye hujifunza akivumiliwa.

Wenyeji wa Makka walikuwa na desturi ya kuwapeleka watoto wao wachanga kunyonyeshwa jangwani. Mtume Muhammad (S.A.W.) alilelewa na Bibi Halima wa Banu Saad, na katika sababu za desturi hiyo wanazozitaja wanavyuoni ni kuwa Mabedui walikuwa na hewa safi na Kiarabu fasaha. Sisi hatuna jangwa la kumpeleka mtoto. Jangwa letu ni mazungumzo yetu ya kila siku.

Basi enyi wazazi, semeni na watoto wenu. Mama amwogeshaye mtoto na amtajie maji, sabuni na kidole. Baba akitoka msikitini na amsimulie aliyokutana nayo njiani. Na mtoto akiuliza, ajibiwe. Mtoto hatungi matusi. Huyapokea, kama apokeavyo "tafadhali" na "ahsante".

Na mwenye lugha ya wazee wake asiitupe akidhani ya kuwa Kiingereza cha kubabaisha ndiyo heshima. Mtoto aweza kubeba lugha mbili pasina madhara, maadamu kila moja ina watu wa kuisema naye. Ni msiba gani kuliko bibi na mjukuu kuketi mkeka mmoja, wakipendana, na wasipate neno la kuambiana?

Na akionekana mtoto hageuki aitwapo, asisemwe kuwa ni mkaidi. Apelekwe hospitali mapema apimwe masikio. Na akiwa ni kiziwi afundishwe lugha ya alama, na jamaa zake nao wajifunze, asije akaishi peke yake katikati ya watu wake.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na ulimi ni katika malezi. Maneno tuwaambiayo leo ndiyo watakayowaambia watoto wao, sisi tukiwa makaburini. Mwenyezi Mungu atuwafikishe tuwaachie yaliyo mema. Amin.