Sampuli Ikisafiri, Tiba Nayo Isogee

Alfajiri wavuvi wanaporudi na ndagala Rumonge, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, kwa wanawake wengi wa ufukweni kazi ndiyo kwanza inaanza: kununua, kuanika, kutafuta wateja. Si rahisi mwanamke huyo aache samaki wake akapange foleni hospitalini, apimwe ugonjwa asiousikia hata kidogo.

Na saratani ya mlango wa kizazi huanza kimya. Karibu kila mara chanzo chake ni virusi vya papiloma, HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Vikidumu, kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kuzaa saratani. Kwa wenye kinga dhaifu, miaka 5 hadi 10. Ndani ya miaka hiyo ugonjwa unazuilika.

Siku hizi mwanamke anaweza kujichukulia sampuli. Akiwa faraghani huingiza kijiti chenye brashi laini ukeni, hukizungusha mara chache, kisha hukitia kwenye kichupa. Hatolewi damu, havuliwi nguo mbele ya mtu. Maabara hutafuta vinasaba vya virusi, na vipimo bora huvigundua karibu sawa na sampuli iliyochukuliwa na mtaalamu wa afya. Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo hiki kuanzia umri wa miaka 30, au 25 kwa wanaoishi na VVU.

Katika Kaunti ya Migori, magharibi mwa Kenya, jambo hili lilijaribiwa katika jamii 12. Pale kampeni zilipofuata wanawake vijijini, takriban asilimia 60 walipimwa. Pale walipotakiwa kwenda kituoni, ni kama 37. Lakini kwa pande zote mbili, chini ya nusu ya waliokutwa na virusi walifika kutibiwa.

Hilo ndilo somo kwa Rumonge na jirani yake wa mwambao, Nyanza-Lac. Kukutwa na HPV si kukutwa na saratani, wala si ushahidi wa uzinzi. Mhudumu wa afya wa kijiji aliseme hilo kabla ya kugawa vijiti. Majibu yarudi upesi, tena kwa siri. Kisha kifaa cha betri cha kuchoma chembe zilizoharibika, kinachomaliza kazi kwa dakika chache, kifikishwe kwenye zahanati za mwambao. Kumwambia mama ana virusi bila kumwonyesha tiba iliyo karibu ni kumwongezea mzigo.