Tugawe Neno Kabla ya Kulitamka



Nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu nilipewa darasa la majaribio. Niliandika ubaoni neno “photography”, yaani upigaji picha, nikalisoma pho-to-GRA-phy. Watoto wote wakaitikia vivyo hivyo. Mkufunzi aliyeketi nyuma hakunicheka. Baada ya somo aliniambia tu kwamba kosa langu moja sasa limo katika vinywa vya darasa zima.

Kosa lile lilitokana na mazoea ya Kiswahili. Sisi hutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho: ki-TA-bu, ki-ta-BU-ni. Ni machache yanayoiacha kanuni hiyo, kama ba-RA-ba-ra, maana yake sawasawa, lisilo ba-ra-BA-ra tunayopita. Mkazo wa Kiingereza huhamahama: “PHO-to-graph”, “pho-TOG-ra-phy”, “pho-to-GRAPH-ic”.

Tufanyeje basi?

Kwanza, tuhesabu silabi kwa sikio, si kwa jicho. Neno “police” lina irabu tatu katika maandishi, lakini silabi zake ni mbili tu, po-LICE, kwa kuwa e ya mwisho haisikiki.

Pili, tutazame mkia wa neno. Likiishia kwa -tion, -ic au -ity, kwa kawaida mkazo huangukia silabi iliyotangulia mkia huo. Kupeleleza ni “in-VES-ti-gate”, lakini upelelezi ni “in-ves-ti-GA-tion”. Vivyo hivyo “re-SPON-si-ble” huzaa “re-spon-si-BIL-i-ty”. Yapo maneno yanayoasi, kama “AR-a-bic”, Kiarabu.

Tatu, tukiwa na shaka tufungue kamusi. Kamusi nyingi huweka alama ndogo kabla ya silabi yenye mkazo.

Jambo hili si urembo wa ulimi. “DES-ert” ni jangwa, bali “de-SERT” ni kutoroka jeshini, na herufi ni zile zile. Tena, Waingereza huzimeza silabi zisizo na mkazo. Ukikaza pasipostahili, msikilizaji wa simu ya upepo aweza kulikosa neno zima ingawa hukuacha herufi hata moja.

Basi jioni, mtoto anaposoma kitabu chake, wazazi wagawe neno pamoja naye. Wapige kofi kwa kila silabi, na kofi kubwa penye mkazo. Wala mzazi asione haya kujisahihisha mbele ya mwanawe. Mimi nililirudia darasa lile kesho yake, nikafuta ubao, tukaanza upya: pho-TOG-ra-phy.