Ordinatere ikikawia kuamka: tafuta ugonjwa mbele ya kutoa dawa



Homa si ugonjwa. Homa ni alama tu, na kila mmoja wenu aliyepita dispanseri anajua kwamba tunachoma kidole na kutazama damu mbele ya kutoa dawa ya malaria. Lakini ordinatere ya biro ikikawia kuamka asubuhi, watu wote wanageuka waganga wasiopima. Mmoja anaizima kwa nguvu na kuiwasha tena, mwingine anafuta picha, wa tatu anaandika barua ya kuomba mashini mpya.

Pengine mtauliza: jambo hili linafanya nini katika ukurasa wa afya na usalama? Jibu ni fishi zenu. Siku hizi fishi nyingi za wagonjwa zimo ndani ya ordinatere: aina ya damu, dawa ambazo mwili wako unazikataa, picha za mapafu za kila mwaka. Mtu akiletwa kutoka kariere mguu umevunjika, daktari hawezi kungoja dakika kumi na tano ili mashini iamke. Na ugonjwa wa mapafu unaoletwa na mavumbi ya mawe, ule unaoitwa silikosi, kwa kawaida unaonekana baada ya miaka mingi ya kazi. Picha ya leo peke yake haisemi yote. Inapasa kuiweka kando ya picha za miaka iliyopita. Zile za zamani zikipotea, mfanyakazi atapata taabu kubwa kuonyesha kwamba ugonjwa wake umetoka kazini. Sasa, kukawia kuamka mara nyingine ndiyo alama ya kwanza ya diski inayokufa.

Basi tupime. Shika saa ao simu yako, washa ordinatere, andika nyakati tatu: tangu kubonyeza kitufe mpaka alama ya Windows, tangu alama hiyo mpaka mahali pa kuandika neno la siri, na tangu neno la siri mpaka unapoweza kufungua fishi moja. Zile sekunde nyingi zimo wapi? Ugonjwa utafutwe hapo.

Zikiwa katika sehemu ya kwanza, msilaumu Windows. Haijaanza kazi bado. Ni programu ndogo ya kadi-mama inayouliza viungo vyake kama viko: memori, klaviye, diski. Chomoa kwanza kila kitu kilichochomekwa kwa nje, hasa flashi iliyosahauliwa tangu jana, kwa sababu mashini nyingine zinakwenda kutafuta Windows ndani ya flashi ile. Tazama tena tarehe na saa. Kama kila asubuhi zinarudi miaka mingi nyuma, na mashini inasimama kungoja ubonyeze F1, kibetri cha mviringo cha volti 3 kilicho juu ya kadi-mama kimekwisha. Mara nyingi ni kile kinachoitwa CR2032, na bei yake ni ndogo. Lakini kwa sisi wa dispanseri si jambo dogo: chanjo iliyoandikwa kwa tarehe ya uongo ni hatari.

Sehemu ya pili inataka uangalifu zaidi, maana ndiyo inayogusa diski. Diski ya aina ya zamani ni sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5400 ao 7200 kwa dakika, na mkono mdogo unakwenda huku na huku juu yake kutafuta maandiko. Ile ya aina mpya, SSD, haina kitu kinachozunguka, na kwa hiyo inaamsha Windows upesi zaidi. Ordinatere nzima iliyo na diski ya kuzunguka inaweza kukawia dakika nzima ao zaidi bila ugonjwa wowote. Ni mwendo wake tu. Ugonjwa ni mabadiliko. Kama mwezi uliopita ilichukua dakika moja na leo ni sita, na unasikia ndani mlio wa tak, tak, tak, acha kila kitu. Usijaribu kuisafisha, usiendeshe programu ya kupanga upya diski, usiizime na kuiwasha mara kumi ili kuona. Kila kuwasha kunaweza kuwa kwa mwisho. Nakili fishi kwanza katika diski nyingine, halafu mwite fundi. Mtu anayetokwa damu hatumwoshi uso kwanza.

Kuna sababu nyingine ya sehemu hii, na hii tunaileta sisi wenyewe. Umeme ukikatika ghafula, ao mtu asiye na subira akishika kitufe mpaka mashini izimike, diski inakatwa katikati ya kuandika. Asubuhi Windows inaweza kuanza kuikagua diski mbele ya kufungua mlango. Mtu anaona inakawia, anakasirika, anaizima tena kwa nguvu. Ndivyo anavyozidisha kidonda kila siku. Ikiwa kwenye kioo imeandikwa kwamba inakagua diski, iache imalize. Na mahali ambapo umeme unakatika mara kwa mara, kuomba ondulere, lile sanduku la betri linalowapa dakika chache za kufunga fishi vizuri, ni ombi la usalama, si la raha.

Sehemu ya tatu, baada ya neno la siri, ndiyo yenye wagonjwa wengi, na kwa bahati si wagonjwa wabaya. Kila programu mnayoweka inapenda kujiandikisha kati ya zile zinazoamka pamoja na Windows, kama watu wote wa zamu wanaotaka kupita mlango mmoja kwa mara moja. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, halafu fungua sehemu ya «Démarrage». Utaona orodha, na uzito wa kila moja. Zile za muziki na mazungumzo zizuie zisiamke peke yake. Hazifutwi, utazifungua ukizitaka. Antivirusi usiiguse. Zikiwepo mbili, hapo umepata sababu, maana zinagombana: mwambie fundi aondoe moja.

Kama ordinatere imeungwa na seva ya kompanyi, fanya jaribio hili: chomoa waya wa rezo, washa tena, pima. Ikiamka upesi, ujue ilikuwa inangoja jibu la seva ambalo halikuja. Mashini yako ni nzima, ugonjwa uko njiani.

Neno moja juu ya kupima huku. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mashini nyingi zikizimwa hazizimiki kabisa. Zinaweka sehemu ya kazi yake katika diski ili kuamka upesi. Anayesema «naizima kila jioni» pengine hajaipumzisha kweli kwa miezi. Chagua «Redémarrer» mara moja, halafu pima siku inayofuata. Mara nyingine dawa yote ni hiyo tu.

Tena kuna mavumbi, ambayo hapa kwetu hayakosi. Yakijaza feni na mabati ya kupozea, mashini inapata joto na kujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Lakini alama yake ni kwamba inakawia mchana kutwa kuliko asubuhi inapokuwa baridi. Kuyaondoa kuna masharti. Chomoa waya wa umeme kwanza. Fanya kazi nje, ukivaa maski, maana mavumbi ya kariere ndani ya sanduku ni yale yale tunayoyaogopa kule kazini; usipulize kwa kinywa. Na lile sanduku la chuma linalopokea umeme usilifungue hata likiwa limechomolewa. Ndani yake umeme unaweza kubaki akiba na kukupiga vibaya.

Ukimwita fundi wa enformatike, usimwambie tu «inakawia». Mpe karatasi yenye zile nyakati tatu, mlio uliousikia, siku ilipoanza, na kitu kilichowekwa ndani ao kubadilishwa wiki ile. Na umwonyeshe diski ambamo umenakili fishi, na tarehe ya kunakili.