Kompyuta Iliyolala Haijazimwa

Jioni moja hapa Ombaci, kando ya mji wa Arua, askari kijana alikuwa akitafuta rimoti ya televisheni katika ofisi moja ya ulinzi ambayo sina haja ya kuitaja. Mpira ulikaribia kuanza. Ndani ya mtoto wa meza akakuta rimoti ndogo nyeusi, akaielekeza kwenye televisheni, akabonyeza. Televisheni haikujibu. Lakini pembeni mwa chumba, kompyuta ambayo sote tuliidhania imezimwa ikaanza kuvuma, kioo chake kikawaka, na hapo ikatokea barua ambayo ilikuwa haijamalizwa, yenye majina ya wananchi watatu waliokuja kutoa habari za wizi wa ng'ombe. Haikuuliza neno la siri. Ndani ya chumba walikuwamo wageni wawili waliokuja kutazama mpira.

"Afande, nilidhani ni ya televisheni," akasema kijana yule huku amesimama wima.

Hakuwa na hatia. Rimoti ile ilikuja pamoja na kompyuta yenyewe, ambayo ni ya aina iliyoundwa kwa ajili ya kutazamia filamu majumbani. Kosa lilikuwa letu sisi wakubwa wake, tulioamini kwamba kioo kikiwa cheusi basi mashine imezimwa.

Kompyuta inapolazwa, diski husimama na ubongo wake huacha kazi. Hata hivyo kumbukumbu ya muda, ambamo kazi iliyokuwa ikifanyika imehifadhiwa, huendelea kulishwa umeme kidogo. Pale inaporuhusiwa, kipokezi cha rimoti nacho huachwa macho, mfano wa mlinzi wa zamu langoni wakati kikosi kizima kimelala. Ikimfikia ishara anayoijua, humwamsha mkuu wake. Ishara nyingine huipuuza.

Ishara hiyo husafiri kwa miale ya infraredi, yaani nuru iliyo ng'ambo ya rangi nyekundu, ambayo jicho la mwanadamu haliioni. William Herschel aliigundua mwaka 1800 alipopitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, akaona kipimajoto kikipanda mahali palipopita wekundu, ambapo hapakuonekana mwanga wowote. Rimoti ya kwanza ya televisheni isiyo na waya, ya kampuni ya Zenith mwaka 1955, ilitumia mwanga wa kawaida, na jua likawa linabadilisha vituo lenyewe! Rimoti nyingi za leo huepuka balaa hilo kwa kupepesa taa yake upesi mno, kiasi cha mapigo 38,000 kwa sekunde, na kipokezi hutupilia mbali nuru isiyopepesa kwa mwendo huo.

Anayetaka kuhakikisha na aielekeze rimoti kwenye kamera ya simu, kisha abonyeze. Kamera nyingi zitamwonyesha nuru ya zambarau. Kwa mtu aliyevaa miwani ya kuonea usiku, nuru hiyo hung'aa kama tochi. Kwa hiyo rimoti si kitu cha kuchezea dirishani katika kambi iliyozima taa zake.

Ubaya ni kwamba ishara yenyewe si siri hata kidogo. Rimoti haisemi ni nani anayeibonyeza. Kompyuta za Apple zilizoanza kuuzwa na rimoti mwaka 2005 zilikubali amri ya rimoti yoyote ya aina ile, mpaka mwenyewe azifungamanishe na moja tu. Miale haipenyi ukuta, lakini hupita katika kioo cha dirisha, tena ukuta mweupe huirudisha chumbani.

Na hapa Ombaci majina matatu si jambo dogo. Tarehe 24 Juni 1981, wananchi waliokimbilia misheni ya mahali hapa waliuawa na askari wa serikali ya wakati ule. Mzee wa hapa anapoamua kuingia katika ofisi yenye bendera na kumtajia askari jina la mwizi, amevuka umbali mrefu kuliko ule wa kutoka nyumbani kwake. Jina lake likisomwa na wageni wa mpira, hatarudi, wala jirani yake hatakuja.

Usiku ule ule tulitafuta katika mipangilio ya kompyuta. Kila kifaa kina kisanduku chake cha ruhusa ya kuiamsha mashine. Tukaiondoa ile ya kipokezi. Tukaweka neno la siri liulizwe kila inapoamka. Sajini, ambaye haamini mipangilio, akabandika kipande cha karatasi ya alumini juu ya kipokezi, na kwa kweli alikuwa na haki, maana plastiki iliyo nyeusi machoni petu huweza kupitisha infraredi bila shida. Baada ya kazi kompyuta sasa huzimwa kabisa na waya huchomolewa. Faida nyingine ni ya betri ya sola: mashine inayokula wati 3 usingizini hutumia wati-saa 36 kwa saa 12, ambazo zingewasha taa ya wati 6 ya lango kwa saa 6.

Asubuhi kijana alipewa rimoti ajaribu tena. Alibonyeza kila kitufe, karibu na mbali, na kompyuta haikutikisika. Rimoti hiyo sasa imo kabatini pamoja na funguo za ghala, nayo imeandikwa katika daftari la vifaa. Ile ya televisheni haijapatikana.