Kapeti limelowa? Kuosha ni kazi moja, kukausha nyumba ni nyingine



Leo naomba niongee na wenzangu tunaohangaika na biashara ya kuosha makapeti na makochi hapa Dar. Tumekuwa wengi. Kila mtaa kuna mtu ana mashine na bango lake, na bei ndio hivyo zinashuka. Sasa wengi wananiuliza kuhusu kazi ya nyumba zilizoingiwa na maji: inalipa? Mashine tulizonazo zinatosha? Jibu langu: inalipa, ila mashine yako inafanya nusu tu ya kazi. Hiyo nusu nyingine usipoijua utamwachia mteja ugonjwa ndani ya nyumba, na hela yake umekula.

Tuelewane kwanza. Anayekuita uoshe kapeti ana shida ya uchafu, na uchafu unaweza kusubiri mpaka Jumamosi. Aliyejaa maji sebuleni ana shida ya muda. Kitu kilicholowa kinaweza kuanza kuota fangasi ndani ya saa 24 mpaka 48. Ukimwambia "nakuja kesho kutwa", umeshachelewa.

Halafu msidhani ni kazi ya masika tu. Mafuriko ya Desemba 2011 na ya Aprili 2014 tunayakumbuka, Jangwani na bonde lote la Msimbazi. Lakini mtaji wako hauwezi kukaa unasubiri mafuriko. Kazi ya mwaka mzima ni bomba lililopasuka ghorofani, simtanki iliyofurika usiku kwa sababu boya limekufa, au paipu ya AC iliyoziba mpaka maji yakashukia ukutani. Anzia hapo.

Hatua zenyewe ni hizi:

1. ULIZA NI MAJI GANI. Wenzetu Marekani wana mwongozo wa kazi hii unaoitwa S500, ulitoka mara ya kwanza 1994, na unagawa maji katika makundi matatu. La kwanza ni maji safi ya bomba. La pili yana uchafu kiasi, mfano ya mashine ya kufulia. La tatu ni ya chemba na ya mafuriko. Na maji safi yakilala siku mbili tatu hayahesabiwi tena kuwa safi. Kundi la tatu usibembeleze: kapeti lililobandikwa ukuta hadi ukuta na sponji yake ya chini vinatolewa na kutupwa. Najua mteja atalia, kapeti ni la bei mbaya. Lakini mtoto wake anatambaa pale pale, na maji ya chemba yanabeba kipindupindu na homa ya matumbo. Sabuni yenye harufu nzuri haiondoi hayo. Wewe mwenyewe vaa buti na glavu.

2. ZIMA UMEME KABLA HUJAKANYAGA. Maji yakifika kwenye soketi, sakafu nzima ni hatari. Kama swichi kuu huwezi kuifikia pakavu, subiri fundi umeme. Na ile mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi usiitie kwenye maji kabisa.

3. VUTA MAJI MPAKA BASI. Hapa ndipo mashine yetu ya kuoshea inapofaa. Pitisha tena na tena, taratibu, hata ukiona hayatoki mengi. Lita moja unayoivuta kwa sekunde chache, ukiiacha kwenye kapeti itabidi igeuke mvuke, na huo mvuke wote utahamia kwenye hewa ya nyumba, dari na makabati.

4. KAUSHA HEWA PIA. Hapa ndipo wengi tunapokwama. Mazoea yetu ni kufungua madirisha na kuwasha feni. Dodoma wakati wa kiangazi sawa, hewa ya nje ni kavu. Ila Dar mwezi wa nne unyevu wa hewa asubuhi unafika asilimia 80 na zaidi, na fangasi hustawi unyevu ukipita asilimia 60 hivi. Kwa hiyo ukifungua dirisha unakaribisha maji mengine. Siku kama hizo funga chumba, feni zipulize usawa wa sakafu na ukuta, halafu weka mashine ya kunyonya unyevu hewani. Kama huna, AC inasaidia kidogo kwa chumba kidogo, lakini kazi kubwa usiichukue bila hiyo mashine.

5. PIMA, USIPAPASE. Ukuta wa tofali za saruji unaweza kuwa mkavu ukiugusa na ndani umelowa. Fundi akipaka rangi, miezi miwili mbele inabambuka. Tafuta kipima unyevu. Kwa sakafu ya zege kuna njia rahisi: chukua nailoni inayoonyesha, sentimita 45 kwa 45, bandika pande zote kwa utepe, iache saa 16 au zaidi. Ukikuta matone chini yake au zege limekuwa jeusi, bado.

6. ANDIKA NA PIGA PICHA. Mteja mwenye bima atahitaji ushahidi: picha kabla hujagusa kitu, orodha ya vilivyotupwa, vipimo vya kila siku. Wewe kazi yako ni kutoa kumbukumbu safi. Kukadiria hasara kwa ajili ya bima ni kazi ya wenye leseni, msijitie humo.

Kuhusu bei: kuosha tumezoea kutoza kwa kapeti au kwa mita ya mraba. Kukausha ni siku za mashine na safari za kupima, na inaweza kuchukua siku tatu, nne au zaidi. Mwambie mteja mapema. Na mkubaliane nani analipa umeme, maana zile mashine zinakesha na Luku yake inakwenda. Umeme ukikatika je, jenereta nani analeta? Hayo yasemwe siku ya kwanza, sio ya mwisho.

Kama mtaji hautoshi, ungana na mwenzako mmoja, mnunue mashine moja ya kunyonya unyevu kabla ya kukimbilia gari lenye maandishi. Bango linaleta mteja mara moja. Nyumba iliyokauka kweli ndiyo inayomleta jirani yake.

Wadau wa Tanga na Zanzibar, huko nasikia unyevu ni balaa kuliko hapa. Nyie mnakaushaje? Tupeni uzoefu.

Nawasilisha.