Haki katika ratiba za besiboli ya vyuo vikuu Marekani

Ratiba ya konferensi katika besiboli ya vyuo vikuu nchini Marekani ni mpangilio unaoamua nani atacheza na nani, lini na katika uwanja wa nani. Konferensi ni kundi la vyuo vinavyoshindana katika ligi moja. Ratiba huhesabiwa kuwa ya haki iwapo timu zote zinapewa wapinzani wenye uzito unaokaribiana. Katika konferensi kubwa za leo lengo hilo halifikiwi kikamilifu, kwa sababu timu ni nyingi kuliko wikendi zilizopo.

Chanzo cha tatizo

Kwa kawaida timu mbili hukutana mara moja tu kwa msimu, katika mfululizo wa mechi 3 kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, zote katika uwanja mmoja. Msimu wa kawaida huanza katikati ya Februari na kumalizika katikati ya Mei. Wikendi za mwanzo hutumika kwa wapinzani wa nje, hivyo konferensi hubaki na wikendi 10 hivi.

Konferensi yenye timu 10 ingeenea vizuri, kwani kila moja ingekuwa na wapinzani 9. Southeastern Conference (SEC) ilikuwa na timu 14 katika divisheni mbili: kila timu ilicheza na wenzake 6 wa divisheni yake na 4 wa divisheni nyingine. Baada ya Texas na Oklahoma kujiunga mwaka 2024, timu zilifika 16, na katika msimu wa 2025 divisheni zilifutwa. Kila timu sasa hukutana na wapinzani 10 kati ya 15: wawili wa kudumu na 8 wanaobadilishwa kwa zamu. Kwa hiyo kati ya jozi 120 zinazowezekana, 80 hucheza na 40 hazikutani kabisa, ingawa zote huwekwa katika msimamo mmoja.

Mfano wa mwaka 2025

Mwaka huo Missouri ilishinda mechi 3 tu kati ya 30 za SEC. Timu 9 zilizopangiwa kucheza nayo zilipata ushindi wa mechi zote 3; timu 5 hazikupata nafasi hiyo. Timu ya kumi ilikuwa Texas A&M, iliyopoteza mechi zote 3 nyumbani kwake na baadaye haikuchaguliwa kwa mashindano ya kitaifa ya timu 64. Ratiba nyepesi, basi, ni nafasi tu. Haichezi badala ya timu.

Nyumbani na ugenini

Kila timu ya SEC huandaa mifululizo 5 na kusafiri kwa mingine 5. Hesabu hiyo ni sawa, lakini si sawa kupokea timu dhaifu nyumbani na kuwafuata vigogo kwao. Mwaka 2013 NCAA ilijaribu kufidia tofauti hiyo katika kipimo chake cha RPI: ushindi wa ugenini ulihesabiwa kuwa 1.3 na wa nyumbani 0.7. Jambo hili lina uzito mkubwa, kwa kuwa timu 16 bora kitaifa kwa kawaida huandaa raundi ya kwanza katika viwanja vyao.

Hali ya hewa na mapumziko

Vyuo vya kaskazini, kama vile vya Big Ten, hucheza ugenini kwa wiki kadhaa mwanzoni mwa msimu kwa sababu ya baridi na theluji. Mechi ya konferensi iliyofutwa kwa mvua mara nyingi hairudiwi, ndiyo maana msimamo hupangwa kwa asilimia ya ushindi.

Televisheni nayo huhamisha baadhi ya mifululizo ianze Alhamisi. Mrushaji mkuu wa timu kwa kawaida huanza mechi moja kwa wiki, hivyo aliyecheza Ijumaa iliyotangulia hupoteza siku moja ya kupumzisha mkono. Mpinzani wake asipokuwa amehamishiwa Alhamisi wiki hiyohiyo na iliyopita kwa namna ileile, mmoja wao huingia uwanjani akiwa amechoka zaidi.