Telegramu za Zamani Zisichomwe

Wako ndugu wanaozichoma telegramu za wazee wao kwa kuziona karatasi kuukuu tu. Twawasihi wangoje. Tarehe 17 Desemba 1903, Orville Wright alimpelekea baba yake telegramu kutoka Kitty Hawk, Marekani, kumwarifu kwamba yeye na nduguye Wilbur wameruka kwa eropleni. Njiani habari ikaharibika: sekunde 59 zikawa 57, na jina lake likaandikwa “Orevelle.” Karatasi hiyo, pamoja na makosa yake, yatunzwa leo katika Maktaba ya Bunge la Marekani.

Wakusanyaji wa vitu vya kale hutazama tarehe, mhuri na majina. Nakala iliyosahihishwa hawaitaki. Basi mwenye kurithi sanduku la marehemu asifute neno, wala asimwuzie mchuuzi kwa bei ya kikombe cha chai kabla hajaisoma.